Mwaloni wangu wa Ibra

Oman nzima, mtu alieotesha mwaloni, mti wa nchi za baridi, barazani kwake ni mimi peke yangu, hapa mjini Ibra. Wakubwa wa kilimo wangejua, wangekuja kunipigia saluti.

Mbegu nilitoka nazo Uturuki, mfukoni. Nikaziloweka, zilizoelea nikatupa, zilizozama nikazifukia kwenye chungu.

Shemegi yangu Nassor, mkulima wa Samad, akacheka: "Ukiota huo, nitakwita ustadhi mbele ya watu."

Basi leo asubuhi umeota!

Jani moja, limesimama kama mkuki. Nikawaita jamaa wote waje kwa kahawa, Nassor wa mwanzo.

Kachuchumaa. Kaangalia.

"Shemegi, wallahi huu mwaloni?"

"Ndio! Haya, niite ustadhi!"

Katia kidole kwenye udongo, kavuta taratibu. Chini inaning'inia kokwa ya tende.

Watu hoi. Mama mkwe kashika mbavu: "Mwanangu, umetutoa majumbani kuja kutazama mtende? Oman hii?"

Nikawasingizia wageni, eti wanatupa kokwa ovyo.

Lakini nyinyi sikufichini. Kila jioni nakunywa kahawa yangu kwa tende pale pale, na kokwa natemea humo chunguni.