Kamongo wa Kwenye Karai

Kamongo ana mapafu, jamani, kama mimi na wewe. Hata ziwani anapanda juu kuvuta hewa, ukimbana chini na wavu anakufa maji, samaki huyo! Darasani sikukaa, lakini hilo nalijua toka utoto. Wifi yangu hakulijua. Amekulia Kisesa na ng'ombe, na samaki wake ni sangara, ambaye ukimtoa majini kashakufa.

Viwanda vya minofu vilikuwa vimeanza kufunguliwa Mwanza, na wifi kapata kazi ya kukata minofu, aanze Jumatatu. Sharti lao mikono mizima, hata kidonda wasikione. Jumamosi akafikia kwangu.

Asubuhi hiyo, kwenye jaruba la mpunga lililokauka, niliona katundu kadogo. Kiangazi kamongo hujizika kwenye tope, na hapo ndipo anapopumulia. Nikachimba, nikamtoa mnene kama paja la mtoto, kajifunga ute uliokauka kama ngozi. Kwetu kamongo unamponda kichwa hapohapo. Mimi nikamwacha kwenye karai kavu, nikaenda kisimani, nikapiga soga huko mpaka jua likageuka.

Narudi, wifi anataka kunisaidia kupika. Kachomeka gumba mdomoni mwa kamongo amnyanyue, wanavyobeba sangara.

"Mama yangu weee!"

"Usivute, wifi! Ukivuta unamwachia kidole!"

Anasikia? Anamzungusha samaki huku na huku, anambamiza ukutani, chungu kikapasuka, kuku wakaruka. Nikakamata mchi.

"Utanivunja mimi!"

"Basi kaa naye!"

Pigo la kwanza likampata kwenye kiwiko, akamtukana mama yangu mpaka ukoo wote. La pili kichwa kikapasuka, damu ikanirukia usoni, na bado kang'ang'ania! La tatu, la nne. Taya nililitanua kwa kisu. Pingili ya juu ya gumba ilikuwa inaning'inia kwa ngozi. Zahanati wakaikata.

Jumatatu akaenda hivyohivyo, mkono kaficha kwenye khanga. Msimamizi getini akamwambia, "Mama, toa mikono yote." Akarudishwa.

Akaingia kwangu bila hodi. Kamongo nilikuwa nimemkausha kwa moshi, nampika.

"Pole, wifi," nikasema.

"Nipe kichwa."

Nikampa. Akakitafuna chote, mifupa ikilia krau krau, macho kanikazia mimi.