Nusu ya Yai Iliyogoma

Mtaani walimwita Mama Vyura, naye hakuona ubaya. Alikuwa mtafiti wa chuo kikuu, na kwa miaka alikuwa amezama kwenye yai la chura. Yai hilo likishapevuka husimama katikati ya kujigawa, likatulia tuli mpaka lipate mbegu ya dume. Alitaka kujua breki hiyo inashikwa na nani. Alishuku protini fulani ya jamii ya kinasi, zile ambazo kazi yao ni kubandika fosfeti kwenye protini nyingine na kuzibadilisha mwenendo. Mkuu wa maabara alikuwa na shaka.

"Nionyeshe, nione kwa macho yangu," alimwambia.

Jioni moja alikuwa ameshawachoma vyura majike sindano ya homoni ili watage kesho yake, mara bomba likapasuka kwenye chumba cha vyura. Maji ya bomba yana dawa, na dawa ile ni sumu kwao. Akawaokoa majike wawili, akachota maji yaliyochujwa, akaenda nao nyumbani kwenye ndoo mbili. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini. Nyumbani alikuwapo mama mkwe aliyekuja kuwatembelea, mwanamke mcheshi asiyeogopa kitu duniani isipokuwa chura.

Mama Vyura akanyata hadi bafuni. Jike mmoja alimwacha ndooni. Wa pili, aliyekuwa mkubwa, alimtia kwenye beseni la buluu, akafunika kwa wavu, akaenda kulala bila kusema neno.

Asubuhi aliamshwa na sauti ya upole kupita kiasi.

"Mwanangu, hebu njoo. Kuna mtu anataga kwenye beseni langu la kufulia."

Alimkuta mama mkwe amesimama juu ya kigoda, kanga ameikunja mpaka magotini.

"Nisamehe mama, ni wa kazini."

"Wa kazini mbona hajaenda kazini?"

Wakacheka wote wawili, lakini muda ulikuwa unayoyoma. Mayai hayafai yakikaa, na teksi ilikuwa imeshafika. Jike wa beseni alirudishwa ndooni; ndoo zilikuwa mbili, na barabara ilikuwa na mashimo. Mama mkwe alishusha pumzi, akaingia kwenye gari, akaipakata ndoo moja huku uso ameugeuzia dirishani.

"Akinirukia," alisema, "mumeo atakuja kunizika."

Kule maabara Mama Vyura alimkamua yule jike mkubwa taratibu, akapata mayai mapya, akayachanganya na mbegu za dume zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye friji. Akasubiri. Yai likajigawa, likawa seli mbili. Hapo akachukua sindano ya kioo, nyembamba kama unywele, akaingiza ile kinasi aliyoishuku kwenye seli moja tu, aone kama itaifungia breki, na nyingine akaiacha. Akafanya hivyo kwenye mayai kadhaa. Mengine aliyachoma maji matupu, asije akaambiwa ni jeraha la sindano.

Mama mkwe hakutaka kurudi nyumbani. Alipokaribishwa kwenye hadubini aliinama, akachungulia.

"Huu upande unajikatakata vizuri tu," alisema. "Huu mwingine mbona umegoma?"

Mama Vyura alisogea akatazama. Kweli, nusu moja ilikuwa seli nyingi ndogondogo, na nusu iliyopata kinasi ilikuwa imebaki kubwa vilevile, imesimama. Yale ya maji yalijigawa pande zote.

Mkuu wa maabara aliitwa. Alitazama yai moja baada ya jingine, akauliza habari za yale ya maji, akaonyeshwa.

"Haya, nimeona," alisema huku akitabasamu. "Sasa rudia, mpaka mimi nichoke kuangalia."

Mama Vyura alirudia kwa majike wengine, na matokeo yakawa yaleyale. Mumewe aliporudi alimkuta mama yake amezungukwa na majirani, akiwaeleza namna yai linavyogoma nusu. Nusu ya maelezo yalikuwa sahihi. Mama Vyura aliyasikia yote kutoka jikoni, akatamani kusahihisha, kisha akaona acha tu. Alikuwa hajamwona mama mkwe akijivunia kitu kiasi kile.