Siku Niliyoifanya Jumuiya Imwombe Mwenye Farasi

Nichekeni mapema tumalizane, maana jumuiya nzima ya Wakatoliki Waswahili wa Scarborough, hapa Kanada, ilishanicheka, na wengine bado wanaendelea kila nikipita kwenda kukomunika.

Chanzo ni simu. Miaka kadhaa nyuma nilimsimulia mama yangu, yeye akiwa Moshi, kwamba kazini nimemsaidia Mkolombia mmoja kuomba ruhusa kwa msimamizi (nilisema maneno matatu ya Kihispania, mengine nilimalizia kwa vidole). Mama akasema, "Kumbe mwanangu ni mkalimani!" Mtu mwenye akili hapo angesema hapana mama, mimi napanga mikate kwenye maboksi kiwandani. Mimi nikasema, "Ndiyo hivyo, mama," nikakata simu, nikalala vizuri tu.

Mwaka huu mama akaja kunitembelea, na Jumapili yake ya kwanza, hata koti hajavua, akamtangazia Mama Anita, mwenyekiti wa jumuiya, kwamba mwanawe ni mkalimani wa Kihispania. Mama Anita nusura alie. Sikukuu ya mtakatifu msimamizi wetu ilikuwa inakaribia, na parokiani kulikuwa na filamu ya kale ya maisha yake, nyeusi na nyeupe, Kihispania kitupu, haina maandishi ya chini, na wengi wetu tulimjua mtakatifu kwa jina tu.

"Kaka Deo, Mungu ndiye amekuleta," akasema. "Utatutafsiria live, okay?"

Mama akanitazama kama siku ile nilipopata kipaimara. Nikasema hakuna shida.

Na sikuwa na wasiwasi, niseme ukweli. Ujana wangu ulipotelea kwenye kibanda cha video, ambako jamaa mmoja alitutafsiria sinema za Kichina na hakujua Kichina hata cha kuombea maji. Alikuwa na sheria moja: mtafute steringi, mengine yatajipanga yenyewe. Na steringi ni yule mwenye sura nzuri na farasi, na steringi hafi.

Siku ikafika, ukumbi wa chini ya kanisa umejaa, sambusa zimefunikwa, mama kaketi mstari wa mbele na rozari yake, mimi na maikrofoni. Picha ikaanza, akatokea bwana mrefu, ndevu zimechongwa, juu ya farasi mweupe. "Huyu ndiye mtakatifu wetu!" nikasema, na vigelegele vikapigwa. Akatokea na bawabu wa monasteri, mfupi, kanzu imechakaa, anaficha mikate chini ya joho. "Huyu ni mwizi," nikasema, na watu wakaguna.

Basi tukaenda. Mwenye farasi akamchapa kikongwe mjeledi, nikasema hapa bado hajaongoka. Akachoma ghala la mkulima, nikasema bado hajaongoka. Akampiga teke mgonjwa wa ukoma, na hapo hata mimi nilisita kidogo, lakini nilikuwa nimeshafika mbali, nikasema wokovu una hatua zake. Maskini waliokuwa wakipewa mikate na bawabu nikawafanya genge lake. (Kihispania nilichokielewa mpaka hapo ni "mkate" na "kesho", maneno ya kiwandani.) Mama Anita, ambaye ana imani kubwa, akawa anasema jina la mtakatifu kila farasi anapotokea, na ukumbi mzima unaitikia, "Utuombee!" Mama yangu peke yake hakuitikia. Nikadhani kasinzia.

Kisha mwenye farasi akaanguka akafa, na picha bado ndefu.

"Atafufuka," nikasema.

Hakufufuka, wakamzika. Baadaye bawabu naye akafa juu ya mkeka wake, kengele zikalia zenyewe, uso wake ukang'aa, na mji mzima ukapiga magoti.

"Mwizi ametubu," nikasema.

Hapo akasimama sista mmoja mzee wa Kizungu aliyekaa nyuma (nilidhani amefuata chai). Kumbe ni Mkolombia, na kumbe alitumikia Bukoba miaka ishirini. "Samahani, ndugu," akasema, kwa Kiswahili safi kuliko changu, "mtakatifu ni huyo wa mikate. Yule wa farasi tumemwomba bure."

Mama Anita akakunja karatasi yake ya litania taratibu, akaitia kwenye mkoba. Halafu mzee mmoja akasema, "Deo bado hajaongoka," na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Tukapanda basi kurudi nyumbani, mimi na mama, safari ndefu.

"Picha ya mtakatifu iko kwenye kitabu changu cha sala tangu niko msichana," mama akasema mwishowe. "Nilimjua alipoficha mkate wa kwanza."

"Sasa mama, mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe." Akageuka. "Deo, kazi yako ni nini?"

Vicheko vya ukumbini nilivivumilia, lakini swali hili lilinichoma, maana aliliuliza kwa upole.

"Napanga mikate kwenye maboksi, mama. Tangu nije."

Akafungua kitabu chake cha sala, akaitazama ile picha.

"Mikate," akasema. "Na bado ukamwita mwenzako mwizi."

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kama najua Kihispania nasema sijui, na akiniuliza kazi nasema mikate, hata kabla hajamaliza swali.