Babu Mikidache na Taa ya Chaja Aliyoiiba Nosy Be

Jamaa anamuacha mkewe, anakusanya nguo zake, halafu anafungua mashine ya kuchajia betri na kuondoka na taa yake. Mashine yenyewe kaiacha. Mimi sijawahi kusikia wizi wa roho mbaya kama huo.

Ilikuwa Nosy Be, Madagaska ikiwa na uhuru mchanga kabisa. Wenyewe waliongea Kingazija, lugha ya Komoro, nami naandika Kiswahili ili tuelewane.

Mke aliitwa Sittou. Kwa Wangazija nyumba ni ya mwanamke. Mume ndiye anayehamia, na siku ya kuachana anatoka na nguo zake, basi.

Chaja ilikuwa ya marehemu baba yake Sittou, dude la chuma la zamani alilouziwa na Mfaransa aliyekuwa akirudi kwao. Ndani yake ilikaa taa nene ya kioo. Si ya kumulika. Kazi yake ni kuugeuza umeme wa mji uweze kuingia kwenye betri. Bila taa ile, una sanduku zito tu.

Watu wa kijiji cha Ambatoloaka walileta betri za redio zao mjini kwa Sittou. Alikula na kuvaa kwa chaja ile, hakuwa na kitu kingine.

Mumewe, Mikidache, alisepa Sittou akiwa kwa mama yake, kwenye matanga ya baba. Aliporudi, jirani akampa habari ya talaka. Akafungua chaja, akakuta mahali pa taa patupu.

Hakulia. Alitaka amuone Mikidache ndiye analia.

Alipata nauli baada ya miezi kadhaa, akapanda boti hadi mji wa Mahajanga, kutafuta taa nyingine na kumtafuta mbaya wake. Duka baada ya duka la vipuri, watu walitikisa kichwa. Mhindi mmoja akamwambia taa hizo zimeacha kutengenezwa, chaja za sasa zina vibati ndani. Katika mji mzima anajua moja tu inayofanya kazi, ya jamaa mgeni aliyetoka Nosy Be na kuoa mtaa wa Ampisikina.

Sittou akamshukuru kwa adabu. Akauliza njia.

Huko Ampisikina, mlango ulifunguliwa na mke mpya, Roukia, binti mdogo mwenye mimba. Mume kapeleka betri bandarini. Sittou alikuwa amepanga matusi njia nzima, lakini kabla hajafungua mdomo akawekewa kiti na chai, kama mgeni yeyote.

Pembeni chaja nyingine kuukuu ilikuwa inanguruma, Mikidache kaiokota kwenye vyuma chakavu. Ndani yake taa inawaka. Kitako chake kimezungushiwa kibati cha kopo la sadini, alichokikata Sittou kwa mkono wake kwa sababu taa ilikuwa inalegea.

Matusi yakamtoka kichwani. Aliuliza tu chaja ile ni ya nani.

Roukia akajibu kwa kujidai. Siku ya harusi Mikidache alisimama mbele ya wajomba wa Roukia, akajitapa kwamba kila atakachokiingiza kwenye nyumba ile ni mali ya mkewe.

"Basi na taa hiyo ni yako," Sittou akasema. "Aliitoa kwangu nikiwa kwenye matanga ya baba yangu."

Roukia akaweka kikombe chini.

"Kwenye matanga?"

"Arobaini ilikuwa bado. Hata kuniaga hakuniaga."

Binti wa watu akainuka, mkono tumboni, akazima swichi. Taa ilikuwa ya moto, haishikiki, ikabidi wakae kuisubiri ipoe. Kila hatua ya mtu uchochoroni iliwashtua.

Mikidache akaingia Roukia akiifungua taa kwa upande wa leso. Alipomuona Sittou, rangi ikampotea.

"Acha hiyo," akasema. "Ni yangu."

"Wajomba zangu wako nyumba ya pili," Roukia akamjibu. "Nenda kawaambie ni yako. Waambie na ulikoitoa."

Mikidache akakaa kwenye benchi. Roukia akamkabidhi Sittou taa ikiwa imefungwa ndani ya leso, mbele ya macho yake.

Sittou angeweza kuondoka. Hakuondoka. Aliomba chai nyingine, akakaa barazani akiwasikiliza madereva wa malori waliokuja kuchukua betri zao wakamkuta fundi hana chaji. Walimtukana vizuri sana. Aliniambia mwenyewe kwamba chai ile hajawahi kunywa tamu kama ile.

Mikidache hakupata taa nyingine. Aliishia kubeba magunia bandarini, na kila boti ya Nosy Be ilipoingia, Sittou alimtumia salamu kwa mabaharia: redio za Ambatoloaka zinasikika vizuri.

Sasa mtauliza nimeyajuaje haya.

Mimba ile ya Roukia ni baba yangu. Mikidache ni babu yangu mwenyewe. Sittou alikuwa akija kututembelea, yeye na bibi wanakianza kisa tangu mwanzo, sisi wajukuu tunavunjika mbavu, na babu amekaa palepale, macho chini.

Kaka zangu, mke uliyemdhulumu unaweza kumkimbia ukabadilisha na mji. Lakini aliyokufanyia na uliyomfanyia watayasimulia wajukuu zako, na wewe utakuwa umekaa hapo unasikiliza.