Mama Alichagua ya Tatu

Mume wangu ana jina zuri tu alilopewa na wazazi wake, lakini limekaa kwenye kitambulisho, halina kazi. Watu wanamwita Subiri. Anapiga video za harusi, mahafali na mikutano ya vikundi, na hilo ndilo neno linalomtoka mdomoni kuliko mengine yote. Bibi harusi ameinua kisu cha keki, "Subiri!" Mgeni rasmi amesimama kutoa zawadi, "Subiri kidogo, mheshimiwa!" Siku moja walimwita kwenye mazishi. Jeneza linashuka, watu wanalia, na yeye huyo: "Subirini, subirini, narudisha fokasi." Mjane alikatiza kilio akamwangalia. Hawajamwita mazishini tena.

Si kwamba hajui kazi. Shida ilikuwa lenzi. Alikuwa na ile moja iliyokuja na kamera kutoka dukani, na lenzi za namna hiyo mchana kweupe zinajitahidi, lakini ukiziingiza ukumbini zinapapasa. Sura ya bwana harusi inakuja, inapotea, inakuja tena, na ikishakuja imejaa chenga. Ndiyo maana alikuwa anawasubirisha watu. Alikuwa anaisubiri lenzi yake.

Mimi nasuka nywele, sijasomea kamera. Lakini nimeolewa na mtu huyu miaka kumi na moja, na mwanamume asiye na hela ya kununua lenzi huzungumza lenzi kutwa nzima. "Anayepiga picha za mnato," ananiambia huku nimeshika kichwa cha mteja, "anabonyeza mara moja, basi, kamaliza uongo wake. Video haina huruma, mke wangu. Lenzi ikitafuta, watu wanaiona inatafuta. Ikikoroma, maiki inaisikia inakoroma." Wateja wangu wote wanajua kwamba jina lililochorwa mbele ya lenzi haliingii kwenye picha, na kwamba mnyonge akipata hela asibadilishe kamera, abadilishe lenzi. Hawajui elimu hiyo wataipeleka wapi, lakini wanayo.

Sasa, kulikuwa na jambo moja ambalo Subiri hakulijua na mimi nililijua. Mama yake alikuwa haoni.

Simaanishi wa kushikwa mkono. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kila mwaka dunia ilikuwa inazidi kumfifilia. Mama ni fundi wa nguo, anashonea barazani kwetu, yupo kwenye cherehani hiyohiyo tangu Subiri hajazaliwa, na vidole vyake vinaijua njia. Lakini tundu la sindano halipapaswi. Kwa hiyo kila asubuhi, Subiri akiwa bado anakoroma, mimi nilikuwa nakaa na mama mkwe wangu namtungia uzi. Sindano za mkono ishirini, nazichomeka kwenye kimto kwa mpangilio: nyeupe kushoto, bluu katikati, nyekundu kulia. Uzi wa cherehani ukikatika mchana aliita, "Mke wa mwanangu, hebu njoo uuone huu mtindo," nami nikajua mtindo wenyewe ni upi. Vitambaa vyeusi aliacha kuvipokea. Aliwaambia wateja vina mkosi.

"Ukimwambia mume wako," aliniapisha, "wataniondoa kwenye cherehani."

Wala hakuwa anatunga. Wifi yangu mkubwa alishamtengea chumba huko kwake, chumba chenye kochi na televisheni, na kila wiki anapiga simu, "Mama, njoo upumzike." Mama akikata simu anasema, "Kupumzika ni kwa wafu, na hata wao hajarudi mmoja kusifia." Habari ya hospitali hakutaka kuisikia. Shoga yake wa zamani alitiwa dawa ya jicho na tapeli mmoja wa mtaani, jicho likaharibika, na tangu siku hiyo kwa mama kila mwenye dawa ni tapeli. Basi nikaapa. Ulikuwa ujinga, lakini niliapa, na miaka minne nikakaa na kiapo changu.

Mwalimu mkuu wa shule ya jirani akawa anamwoza binti yake. Ukumbi mkubwa, wageni wengi, na kazi ya video akampa Subiri. Subiri akasema safari hii hawezi kwenda na lile papasi lake. Akaenda kwa Skrubu, muuzaji wa kamera zilizotumika, ambaye kibanda chake kina upana wa mlango tu na yeye mwenyewe ana upana wa mlango na nusu. Skrubu akamwachia lenzi tatu azijaribu nyumbani siku mbili, na Subiri akaacha kitambulisho. Kile kitambulisho hatimaye kikapata kazi.

Akazipanga mezani. Ya kwanza ilikuwa ndefu, ya kuvuta mbali. "Hii," akasema, "ukiishika tu watu wanakupisha njia. Lakini ukumbini ni bomba la maji, haipokei mwanga." Ya pili ilikuwa ndogo, ya plastiki, nyepesi, haina hata sura, na bei yake ndiyo ilikuwa ya chini kabisa. Hiyo ilipokea mwanga vizuri, ila ikitafuta fokasi inafanya krrr, krrr, panya kwenye mfuko wa nailoni. Ya tatu ilikuwa ya chuma, kuukuu, nzito, haina mota, unazungusha pete kwa vidole vyako. Aliizungusha ile pete mara moja akafumba macho. Miaka kumi na moja ya ndoa, mimi sijawahi kushikwa hivyo.

Akampiga mama video kwa kila lenzi, palepale kwenye cherehani. Kisha akamwekea kompyuta mbele yake.

"Mama, angalia vizuri. Hii ya kwanza."

"Nzuri."

"Hii ya pili. Ni ya bei rahisi, ina kelele kidogo, lakini haya, angalia."

"Nzuri."

"Sasa hii ya tatu, mama. Tazama mkono wako huo! Tazama mwanga unavyokaa kwenye kitambaa!"

"Hiyo," mama akasema. "Chukua hiyo."

Nilikuwa nimesimama nyuma yao na macho yangu mazima. Ya pili ilionyesha mpaka nyuzi za kitambaa. Ya tatu ilikuwa na utando, kila kitu cheupe kimevuka mipaka yake.

"Mimi naona ya pili ndiyo safi," nikasema. "Kelele si unazima hiyo otomatiki, unazungusha kwa mkono? Hii ya tatu ina kama moshi."

"Huo si moshi, ni ulaini. Watu wa sinema wanautafuta kwa tochi." Ukipenda, chongo huita kengeza. Akamgeukia mama: "Mama, mkwe wako anasema ya pili."

"Mkwe wangu na nywele, mimi na nguo," mama akasema, mkali kweli, na chini ya meza akataka kunikanyaga mguu ninyamaze. Aliukanyaga mguu wa meza.

Subiri hakuona hata hilo. "Mama ni fundi," akaanza kunielewesha. "Mshono ukipinda unywele mmoja anaujua. Kwa jicho la mama usibishane."

Ningesema nini? Nikisema jicho lenyewe halioni, kesho wifi yangu yuko mlangoni, mama anabebwa, cherehani inafunikwa shuka. Nikakausha. Akanunua ya tatu.

Harusi ilipendeza, asikudanganye mtu. Kosa la wenye ukumbi lilikuwa kuweka taa kubwa nyuma ya maharusi, zinamulika moja kwa moja kwenye kamera. Subiri alirudi anaimba, akahariri wiki nzima kwenye ile kompyuta yake yenye skrini ya kufifia, akasema haijapata kutokea. Siku ya kuikabidhi nilikwenda naye. Ukoo mzima ulikuwa umejazana sebuleni kwa mwalimu mkuu, mbele ya televisheni kubwa. Bibi harusi akaingia. Mvuke mtupu! Unaona shela, huoni mtu. Shangazi mmoja alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Mwanangu hapa anaolewa au anachemshwa?" mwalimu mkuu akauliza.

Watu wawili walicheka, bibi harusi akaanza kulia, na mimi nikatamani ardhi ipasuke. Mwalimu mkuu hakutukana. Alitusindikiza mpaka mlangoni kwa adabu zote, akasema harusi hairudiwi, akafunga mlango.

Tukaenda moja kwa moja kwa Skrubu. Akaimulika lenzi kwa tochi, akatuonyesha utando mweupe ndani kabisa, umetambaa kwenye kioo mpaka katikati. "Ukungu," akasema. "Umeota humu ndani. Nilikupa siku mbili uzikague, bwana. Ulikagua na nani?"

Subiri alitembea njia nzima akiigeuzageuza lenzi mkononi, kisha akaitia mfukoni. Tulipofika barazani mama alikuwa anashona. Hata hatujakaa, uzi ukakatika. Mama akasikia viatu vyangu, akaita, "Mke wa mwanangu, hebu njoo uuone huu mtindo."

Sikusogea. Subiri ndiye aliyesogea. Akainama kwenye cherehani, akauona uzi unaning'inia, akaiona sindano tupu, akaona kile kimto na sindano zake ishirini zilizopangwa kwa rangi. Akapunga mkono taratibu mbele ya uso wa mama. Mama akaendelea kungoja, uso umeelekea kwangu.

"Mama," akasema. "Zile video ulizionaje?"

Mama alishtuka, kisha akaweka mikono mapajani. "Niliona rangirangi."

"Sasa ulichaguaje?"

"Kwa sauti yako. Ya kwanza uliisema kama unasoma bili ya maji. Ya pili hivyohivyo. Ulipofika ya tatu sauti ikapanda, ukawa kama ulivyokuwa mdogo ukiniletea kitu kutoka shule. Nikasema, kumbe anaipenda hii. Mimi ni nani nimnyime?"

Subiri akanigeukia. "Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Miaka minne!" Sauti yangu ilipanda mpaka jirani akachungulia. "Miaka minne unaishi naye nyumba moja, unampiga video kila ukishika kamera, na hujamwangalia hata siku moja! Mimi nimekuficha, sawa. Wewe je, ulikuwa unatazama nini?"

Nilikuwa na hasira kwa sababu nilikuwa na aibu, leo nasema wazi. Yeye alitoa ile lenzi mfukoni, akaiweka jichoni, akamwangalia mama yake kupitia ule ukungu.

"Hivi ndivyo unavyoona?"

"Nitajuaje wewe unaonaje?" mama akasema. "Na usisimame hapo, unanizibia mwanga."

Akachuchumaa. "Mama, twende hospitali."

"Ili dada yako akanikalishe kwenye kochi?"

"Cherehani haitoki hapa barazani. Naapa."

"Mwache mkeo aape," mama akasema. "Huyo kiapo chake nimekijaribu."

Nikaapa mara ya pili. Wifi yangu tulimwambia kwa simu, akalia, akatutukana, akatuma nauli.

Daktari alikuwa msichana mpole, mwenye uvumilivu wa ajabu. Akaeleza kwamba wanaitoa lenzi ya jicho iliyoingia ukungu na kuweka nyingine, ya kutengenezwa. Kusikia neno lenzi, mume wangu akavuta kiti mbele.

"Inavuta, au ni ya umbali mmoja?"

"Ya umbali mmoja."

"Afadhali. Za kuvuta bei rahisi zote ni magumashi. Uwazi wake wa kupitisha mwanga kiasi gani?"

"Kaka," daktari akasema, "hili ni jicho."

Kisha akaeleza kwamba lenzi ya bei ya kawaida, ile tuliyoimudu, itaona vizuri upande mmoja tu: mbali au karibu. Upande mwingine mtu anavaa miwani. Subiri akaanza kumhesabia mama faida za mbali, barabara, pikipiki, wageni. Mama akamwacha amalize.

"Mbali kuna nini?" akamwambia daktari. "Niwekee karibu. Sindano iko karibu, na hawa wapuuzi wangu wako karibu."

Walianza na jicho la kulia. Asubuhi iliyofuata tulikuwa pale kitandani wakati bandeji inatolewa. Subiri alikuja bila kamera, mara ya kwanza tangu nimjue, akapiga magoti mbele ya mama, uso kwa uso. Mama akapepesa. Jicho likatoa maji, daktari akalifuta, mama akapepesa tena. Kisha akatulia.

Akamshika Subiri kidevu, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha, huku na huku, kama anavyokagua kola.

"Huyu mzee ni nani?"

"Mama, ni mimi."

"Sauti ni yako." Akapitisha kidole kwenye ndevu, pale zilipo mvi, akashuka kwenye mikunjo ya shavu, akarudi juu kwenye upara ambao mimi nimeuzoea siku nyingi.

"Umezeeka, mwanangu," mama akasema, "na hukuniambia."