Vigae vya Gulio la Kerenge

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyofukuzwa gulioni kwa sheria niliyoileta mwenyewe. Ilikuwa zamani za Mwingereza, nimeolewa juzijuzi, nauza vyungu na mitungi pale Kerenge, ambako wakata mkonge wa shamba la jirani walikuja kununua mahitaji yao.

Pembeni yangu alikaa Mhina, muuza papa mkavu. Alikuwa mtu mwema. Hilo nalisema sasa. Wakati ule nilichojua ni kwamba upepo ukivuma, papa wake anahamia ndani ya mitungi yangu. Mteja anainama, ananusa, anauliza: "Dada, huu ni wa maji au wa mchuzi?"

Basi, msimamizi mmoja wa shamba la mkonge alikuwa Mgiriki, na alinunua kwangu vyungu vya kupandia maua. Naye alikuwa mgumu wa bei kama mimi, na katikati ya kupatana alipenda kuwasifia wazee wake wa kale. Walijengea miungu yao nyumba za mawe, wakachora vyungu vyao picha za vita na harusi, wakakaa uwanjani kujadili mambo ya mji. Warumi, alisema, walikuja baadaye, wakawapiga, kisha wakawachukua Wagiriki hao hao wakawafundishie watoto. Nikamwambia, "Hao Warumi walijua kununua."

Asubuhi moja akaokota kigae cha chungu kilichonivunjikia. "Hiki," akasema, "kwetu Athene kilishinda upanga." Mtu akizidi ukubwa mpaka mji unamwogopa, watu walikutana, kila mmoja akakwaruza jina kwenye kigae. Mwenye vigae vingi zaidi aliondoka miaka kumi. Hapigwi, hanyang'anywi shamba. Anaondoka tu.

Mwanangu, mimi nilisikia neno moja: anaondoka. Na vigae ninavyo.

Gulio lililofuata nikaja na kikapu cha vigae. "Tufanye kama Wagiriki," nikawaambia wenzangu. "Aliyezidi kero akae nyumbani magulio kumi."

Bibi Mwamvita, muuza tumbaku, mkubwa wetu pale, akanitazama sana. "Una hakika, mjukuu wangu?"

"Hakika kabisa, bibi."

Kwa kuwa wengi hatukujua kuandika, kila mtu alichora bidhaa ya yule anayetaka aondoke, akatumbukiza kigae mtungini. Mimi nilichora samaki, nikamtia na magamba, apendeze.

Tulikuwa wauzaji kumi na tisa. Nikamwaga vigae nikavihesabu mwenyewe, maana hesabu ya mwingine siiamini. Vinne vilikuwa vitupu. Samaki mmoja. Vyungu kumi na vitatu. Jumla kumi na nane! Nikapata matumaini: hesabu ina kosa. Nikautikisa mtungi. Kikadondoka kigae cha kumi na tisa.

Chungu.

Mhina akakiokota kile cha samaki, akakigeuza juani. "Papa mwenye magamba," akasema. "Huyu kachorwa na mtu asiyewahi kununua kwangu hata kipande." Gulio zima likaangua kicheko.

"Kwani nimewakosea nini?" nikauliza, machozi yakinilenga.

"Ukinunua vitunguu, unahesabu mara mbili," akasema Bibi Mwamvita. "Sawa, ni vyako. Lakini mteja akinunua tumbaku kwangu, unamwambia naye aihesabu tena. Hujamtukana mtu hata siku moja, mjukuu wangu, na umetufanya wezi sote."

"Mwacheni akae," akasema Mhina. "Mimi sikumchora."

Lakini sheria ilikuwa yangu. Nikabeba mitungi yangu nikaondoka.

Magulio matatu yakapita. Vyungu ndivyo vilivyotulisha, na sasa vilijaa ndani mpaka mume wangu alikuwa akiviruka ili afike kitandani. Ndipo nikamwona Mhina mlangoni.

"Dada, rudi. Amekuja tajiri mwenye lori kutoka Korogwe. Anauliza bei yeye, anajibu yeye. Juzi kachukua vitunguu vyote, kidogo tumlipe sisi."

"Bado magulio saba, kaka Mhina."

"Nimemuuliza Mgiriki wako. Anasema hata wazee wake, vita vilipowakaribia, waliwaita waliowafukuza kabla ya muda."

Nikarudi. Nilipokelewa kwa vigelegele na matani yasiyoandikika. Tajiri yule nikamkabili kwa vitunguu, kwa tumbaku, hata kwa papa. Mara tatu alipanda lori lake, mara tatu akashuka. Jua la utosi likamkuta anatoa bei yetu. Siku hiyo nilinunua papa kwa Mhina kwa mara ya kwanza. Alikuwa mtamu, na sikumhesabia vipande.

Mwanangu, kile kile kinachowachosha watu kwako ndicho watakachokuja kukuomba. Ukali wangu sikuutupa. Niliugeuza upande, nikautumia kuwakinga wenzangu badala ya kuwapekua. Nawe, kabla hujamchora mwenzio, waulize watu wangekuchora wewe kwa lipi, na wakikujibu usinune. Jirani anayekukera, mjaribu kwanza. Kaa naye, kula chake.

Mola akujalie majirani wa kukucheka usoni na kukufuata nyumbani ukikosekana. Akupe afya, mvua za kutosha, na mlango usiokauka wageni. Amina.