Risala ya Mifupa

Ile sentensi niliiandika mimi. Naanza na hilo kwa sababu watu hapa Musoma mpaka leo wanaamini kwamba mama mmoja wa Butiama, mkata minofu, aliitoa kichwani mwake mbele ya mgeni rasmi kwa sababu ya ujuaji. Hakuwa na ujuaji wowote. Niliitunga mimi kwenye kompyuta ya kiwanda, mlango nimeufunga, natafuna karanga, na nilipoimaliza niliisoma mara tatu kwa kujipenda.

Mimi ni karani wa utumishi kwenye kiwanda cha samaki. Kila asubuhi vibarua wanajipanga getini na mabuti yao mkononi, natoka na karatasi, naita majina. Sangara wakiletwa wengi naita wengi. Wakiwa wachache naita kumi na tano, waliobaki nawaambia warudi kesho. Nisikudanganye, niliipenda sana kazi ile. Wanawake wenye umri wa mama yangu walikuwaga wananiamkia, "Shikamoo dada," na mimi naitikia marahaba bila hata kupepesa macho.

Huyo mama alikuwa kibarua kwa miaka tisa. Miaka tisa anasikiliza kama ataitwa! Kisu chake kilikuwa chepesi kuliko cha mtu yeyote mle ndani, na alikuwa na sauti nzito ya kuongoza nyimbo kanisani. Alipanga chumba kimoja Bweri na mume wake, ambaye kiharusi kilikuwa kimemlaza upande wa kushoto. Alikuwa na haja moja tu duniani: jina lake liingie kwenye orodha ya ajira ya kudumu. Mfanyakazi wa kudumu analipwa hata siku samaki hawapo, halafu anapewa bima ya afya, yeye na mwenzi wake.

"Dada, nikipata ile kadi, huyu mzee wangu nitakuwa nampeleka kila wiki wakamnyooshe mguu," alikuwa ananiambia. "Daktari kasema atatembea."

Kila akiniona, atatembea. Mpaka ikafika mahali nikimwona naingia chooni.

Mwaka ule zikatoka nafasi tatu. Sharti lilikuwa mtu awe amemaliza darasa la saba, kwa sababu wanunuzi wa nje wanataka mfanyakazi wa kudumu asome mwenyewe kanuni za usafi zilizobandikwa ukutani. Nilimwita ofisini nimjazie fomu. Tulipofika kwenye elimu akawa anaangalia vidole vyake. Aliishia darasa la pili, akatolewa kwenda kuchunga ng'ombe wa baba yake. Herufi alikuwa anazijua moja moja, zikiungana zinamshinda.

"Andika la saba," nikajiambia kwa sauti, nikaandika. "Ala! Nani atakuuliza?"

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniombea baraka mpaka nikaona haya. Kwenye orodha nikamweka wa pili.

Basi, Mei Mosi ikawa inakaribia na habari ya mshahara imejaa kila mahali: redioni, saluni, mpaka baada ya ibada. Wengine wanasema mtu alipwe kiasi cha kuweza kuishi, wengine wanasema hiyo ni njia ya kufukuza wawekezaji. Kikaitishwa kikao cha wadau, nami nikaandika muhtasari. Meneja wetu alisema mshahara ukipanda anafunga kiwanda kesho yake asubuhi. Diwani mmoja akasema wafanyakazi waongeze tija kwanza, ndipo wadai. Kijana mmoja wa chama kingine akasimama na kutaja bei ya unga, mafuta na kodi ya chumba, akaambiwa asilete siasa, wakati mle ndani hapakuwa na mtu aliyekuja kwa jambo lingine zaidi ya siasa. Mwenyekiti wa tawi letu la chama cha wafanyakazi aliunga mkono hoja ya meneja, kisha akaunga mkono hoja ya kijana. Mchana tukala sangara wa kukaanga. Jioni bahasha za posho zikagawiwa, na posho ya kikao kile ilizidi alichokuwa anapata yule mama kwa wiki nzima. Orodha zote mbili, ya posho na ya malipo ya vibarua, nilizichapa mimi, kwa hiyo najua.

Mwenyekiti wa tawi akaniomba niandike risala ya Mei Mosi, maana Kiswahili chake kinakwama akiona karatasi. Nikaandika salamu, nikaandika pongezi, halafu sijui kitu gani kilinipanda. Nikaandika: "Mheshimiwa mgeni rasmi, tunakata minofu mchana kutwa, jioni tunakopa mifupa yake. Hatuombi utajiri, tunaomba mshahara wa kuishi." Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Minofu inaingia kwenye barafu inasafirishwa, vichwa na mifupa, yaani mapanki, wanauziwa wanawake wa nje ya uzio, na vibarua wetu wakitoka wanakwenda kuwakopa hao wanawake.

Kamati ya Mei Mosi ikamchagua yule mama asome, kwa ajili ya ile sauti yake. Akaja kwangu mbio.

"Dada, nitafanyaje? Nikikataa watajua sijui kusoma. Wakijua, orodha naisahau."

Nikamfundisha. Kila mchana, nyuma ya chumba cha barafu, mimi nasoma yeye anarudia. Siku ya sita alikuwa ameimeza yote, salamu mpaka nukta ya mwisho. Nikamfundisha na kutembeza kidole kwenye karatasi wakati anasema, mstari kwa mstari, ili watu waone anasoma. Akipoteza mstari tunacheka wote wawili. Zilikuwa siku nzuri, na ninasema hivyo nikijua nilichokuja kumfanyia.

Asubuhi ya Mei Mosi meneja akaniita. Alikuwa ameisoma risala usiku. Akaniuliza nani ameandika upuuzi huu, nikasema kamati. Akanipa karatasi nyingine, yenye sahihi yake chini. Salamu zile zile, pongezi zile zile, ila pale kwenye mifupa palikuwa na maneno haya: "Tunaushukuru uongozi kwa kuendelea kutujali."

Nilimkuta yule mama kwenye mstari wa maandamano, fulana mpya, kofia mpya, midomo inacheza anajikumbusha. Nikampa karatasi.

"Ni ile ile, dada?"

Hapo ndipo palikuwa na nafasi yangu. Ningesema imebadilishwa, asisome, tungempa mwingine. Lakini ningetakiwa kueleza kwa nini mtu wa darasa la saba hawezi kusoma karatasi mpya, na fomu ina mwandiko wangu. Niliogopa. Na kuna kingine, nikiseme tu: nilitaka kuisikia sentensi yangu kwenye spika.

"Ni ile ile," nikamwambia.

Akapanda jukwaani, akaweka kidole kwenye karatasi ya meneja, na kwa sauti ile ya kanisani akasema maneno yangu. Jamani! Alipofika kwenye mifupa, akina mama wa kiwandani walipiga vigelegele. Ilikuwa sentensi nzuri. Nilimwona meneja anageuza shingo taratibu kutafuta nilipokaa.

Mgeni rasmi akachukua kipaza sauti, akatabasamu.

"Mama, hiyo mifupa ina kalsiamu! Ndiyo maana una nguvu ya kusimama hapo unatupigia kelele."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Walicheka waliokaa kwenye kivuli, wakacheka walimu, wakacheka manesi, na wale wale waliopiga vigelegele wakacheka wakashikana mabega. Mgeni akaendelea kusema serikali imesikia, suala liko kwenye mchakato, lakini hakuna aliyekuwa anamsikiliza tena. Yule mama alibaki pale na kidole chake kwenye mstari wa mwisho, anasubiri aambiwe ashuke. Hakuna aliyemwambia.

Kesho yake akaitwa ofisini. Tulikuwa watatu: meneja, mimi, na yeye amesimama. Meneja akamsukumia karatasi yenye sahihi.

"Nionyeshe mifupa iko wapi hapa."

Akaiangalia. Kisha akaniangalia mimi.

"Muulize huyu," akamwambia meneja. "Yeye ndiye alinipa." Akanigeukia. "Wewe si ndiye ulikuwaga unanisomea kila mchana? Mwambie! Mwambie bosi!"

Nilicheka. Kicheko kidogo tu, cha ofisini.

"Mama, nikusomee kwani mimi mwalimu wako? Fomu yako inasema umemaliza darasa la saba."

Nikaifungua faili, nikaiweka mezani mbele ya meneja, kidole changu pale pale nilipoandika mwenyewe. Hakuwa na pa kutokea. Akisema anajua kusoma, basi amekaidi kwa makusudi. Akisema hajui, basi amedanganya kwenye fomu. Meneja hakuona hilo haraka, ila yeye aliliona, na mimi nililiona kabla yao wote, ndiyo maana niliitoa faili. Nilitegemea atanitukana kwa lugha ya kwao. Akasema, "Mimi ninajua kusoma," akaweka karatasi mezani akatoka. Alichagua ukaidi. Nadhani aliona udanganyifu ungeniumiza na mimi niliyeandika, au labda aliona aibu tu, sijui. Sikuwahi kumwuliza.

Meneja akaniambia jina lake lisiitwe tena getini, na ile nafasi ya pili niijaze haraka kabla orodha haijaenda makao makuu. Mdogo wangu alikuwa amekaa nyumbani Mwisenge miaka miwili na cheti chake cha kidato cha nne. Nikafuta jina moja, nikaandika jingine. Haikuchukua hata dakika.

Kwa wiki mbili yule mama alikuja getini hivyo hivyo. Anasimama na mabuti yake, nasoma majina, namaliza, anaondoka. Vibarua wenzake walishampa jina. "Kalsiamu, sogea kidogo tupite." "Kalsiamu, leo umekunywa supu ya mifupa?" Wanawake waliokuwa wanakopa mapanki pamoja naye, hao hao. Siku ya mwisho aliyokuja alinisogelea baada ya majina kwisha. "Dada," akasema, "si unisamehe tu?" Mimi nimsamehe! Nikamwambia mambo yako juu, sio uwezo wangu, nikafunga geti.

Mshahara ulipandishwa kidogo miezi kadhaa baadaye, kwa wafanyakazi wa kudumu peke yao. Mdogo wangu alinunua jokofu. Mume wa yule mama alifariki kabla ya Krismasi, akazikwa Butiama. Mchango wa rambirambi ulipita getini na mimi nikatoa elfu mbili, nikaandika jina langu kwenye daftari kwa herufi kubwa.

Mei Mosi iliyofuata ilifanyika Bunda. Meneja alisema safari hii hataki mchezo, risala nitaandika mimi na nitaisoma mimi. Tena nilikuwa nimechaguliwa mfanyakazi hodari, nikavikwa shada la maua ya plastiki mbele ya watu, nikapewa cheti. Yule mama nilimwona nikiwa napanda jukwaani. Alikuwa amekaa pembeni ya uwanja na beseni la dagaa wa kukaanga. Nilikuwa nimesikia kwamba siku hizi anawachukua Kisorya kwenye kivuko na kuja kuwauza Bunda. Alikuwa amekonda, nguo nyeusi, anapunga nzi kwa kipande cha boksi. Hakuniangalia.

Nikasoma salamu. Nikasoma pongezi. Nikafika mahali penyewe: "Tunaushukuru uongozi kwa kuendelea kutujali..."

Akasimama. Hakuhitaji spika.

"Tunakata minofu mchana kutwa, jioni tunakopa mifupa yake! Hatuombi utajiri, tunaomba mshahara wa kuishi!"

Alisema vile vile nilivyomfundisha, mpaka pale pa kupumua. Kwa muda kidogo nilidhani watu watapiga vigelegele. Sijui ningefanya nini wangepiga. Kisha kwenye safu ya kiwanda chetu mtu akapaza sauti, "Kalsiamuuu!" na kicheko kikapasuka kutoka huko kikazunguka uwanja mzima. Mgeni rasmi wa safari hii hakujua kinachochekwa, na yeye akacheka. Aliyepiga ile kelele alikuwa mdogo wangu. Alicheka mpaka akaegemea bango asianguke.

Yule mama alibaki amesimama, ananitazama mimi tu, kama siku ile ofisini, anasubiri niseme. Kipaza sauti kilikuwa mbele ya mdomo wangu.

Nikasubiri wamalize kucheka. Nikaweka kidole kwenye karatasi, nikautafuta mstari nilipoishia, nikaendelea kushukuru.